Siku Niliyoipoteza Dodoma

Kwanza nitangaze hapa ili mtaa mzima usikie: moyo wangu mzima. Haudundi vibaya. Hauna tundu. Haujavimba. Wale mnaonipa pole pale kwa Mangi nikienda kununua vocha, asanteni sana, sasa inatosha. Yule mama jirani anayeniletea juisi ya rozela kila jioni, huyo aendelee tu, juisi yenyewe tamu.

Chanzo cha yote ni bosi. Jumanne, saa kumi kasoro, mtu umeshafunga begi, akili iko kwenye foleni ya mwendokasi, bosi anachungulia mlangoni. "Wewe si ndiye mtu wa ramani?"

Mimi ni mtu wa ramani kwa sababu moja tu. Mwaka juzi nilibandika ramani ya Tanzania ukutani kuziba ufa. Basi. Tangu siku hiyo ofisi nzima inanijua kwa cheo hicho. Nikaitika, ndiyo bosi.

"Keshokutwa tuna mgeni kutoka makao makuu. Nataka katogramu ya watu kimkoa. Sensa ya 2022."

"Hakuna shida, bosi."

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wangu wa kweli, kama mnautafuta. Neno "sijui" halinitoki. Mgeni akiniuliza njia Kariakoo namwelekeza, hata kama mwenyewe nimepotea. Katogramu nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikaona isinishinde, jina lenyewe limekaa kama la dawa ya minyoo.

Nikafika nyumbani nimenyong'onyea. Mama watoto anasonga ugali. "Vipi wewe, mbona hivyo?" Nikamwambia, "Ofisini wanataka katogramu. Iwe tayari kabla ya Alhamisi." Mwiko ukasimama. Akanitazama kifuani. "Wamekwambia lini?" Leo hii. "Na bima inalipia?" Mimi nikajua anaulizia posho. Nikacheka kwa uchungu: "Wapi! Hawalipi hata senti. Na nikichelewa ndiyo basi tena."

Nikaenda kuoga. Yeye akashika simu. Sikuuliza anaongea na nani kwa sauti ya chini vile.

Jumatano asubuhi nikamtafuta kijana wa field. Tunaye mmoja, katoka chuo, kazi yake kubwa hapa ni kutumwa chapati. Shikamoo yake ndefu, akili yake ndefu zaidi. Nikamwendea kwa mtego. "Hivi kijana, huko chuoni katogramu wanawafundisha, au bado wako nyuma?"

"Mzee, umeambiwa ufanye katogramu?"

"Mimi naijua. Nataka nione kama wewe unaijua."

Akatabasamu kwa adabu. Ile adabu inayouma kuliko tusi. Akavuta kiti, akanielekeza kama anamwelekeza bibi yake kutuma pesa kwa simu.

Akasema, mzee, ramani uliyoizoea inapima ardhi. Hii hapa Lindi, kilomita za mraba zaidi ya elfu 60, imejinyoosha. Hii hapa Dar, haifiki hata elfu moja na mia tano, unaiona kama kucha iliyodondoka baharini. Jicho lako linakwambia Lindi ndiyo kubwa. Sasa nenda kwenye sensa. Dar, watu 5,383,728. Lindi, watu 1,194,028. Jicho limeshakutapeli. Katogramu inakataa utapeli huo. Kila mkoa unapewa eneo kwa kadiri ya watu wake. Wenye watu unanenepa, usio na watu unakonda, ila mipaka inabaki imeshikana. Jirani anabaki kuwa jirani.

Akanionyesha kwenye simu picha za dunia za Worldmapper, wale walioanza kuzitoa mwaka 2006. Ndugu yangu, niliogopa. Urusi imekondeana. Kanada imekuwa uzi wa kushonea kifungo. India ina kitambi kinamwagika baharini. Nikauliza nani kaidhinisha. Akasema hizi zina hesabu yake, mzee. Mwaka 2004 wanafizikia wawili, Gastner na Newman, walikuja na wazo la kuwachukulia watu kama moshi wa udi. Ukiwasha udi kwenye kona, moshi pale mzito, kule mwepesi. Uache. Utasambaa mpaka chumba kizima kiwe sawa. Sasa chukulia moshi unapotembea unabeba na mipaka ya nchi. Ukitulia, ramani imeshajipanga.

Nikatikisa kichwa kwa busara. Mimi nilichoshika hapo ni udi tu.

"Ila sisi tutatumia njia ya zamani kidogo," akasema, "ya mwaka 1985, ya kina Dougenik, Chrisman na Niemeyer. Hiyo kila mkoa unasukuma au unavuta mipaka inayouzunguka. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kila mmoja apate nafasi yake."

Hiyo nikaielewa palepale. Hiyo ni daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Nimeipanda miaka kumi na tisa. Mimi ndiye Njombe, watu hawafiki laki tisa, na kila siku nakaa na Dar.

Programu yenyewe inaitwa QGIS. Ya bure. Plagini ya katogramu nayo inapakuliwa humohumo, bure. Nikafurahi, nikajua ofisi itaokoa hela. Ila bando si bure, na lililokatika ni langu.

Sasa wewe ungekuwa mimi ungemwachia kijana afanye, ukamnunulia soda. Mimi nikasema nitaifanyia nyumbani, nisije nikaonekana. Nikachomeka fleshi kwenye kompyuta yake, nikaliona faili la ramani ya mikoa, nikalibeba. Usiku nafungua, inagoma. Nafungua tena, inagoma. Nikampigia saa nne na nusu. "Mzee, umebeba mafaili mangapi?" Moja, ramani si moja? Kimya kidogo. "Mzee, shepufaili haisafiri peke yake. Kuna la shp, hilo lina umbo. Kuna la shx, linaonyesha umbo liko wapi. Kuna la dbf, ndilo lenye jedwali. Na prj la vipimo vya dunia. Umechukua kichwa cha samaki, mwili umeuacha sokoni."

Nikamwambia nilikuwa najaribu tu kama anajua.

Nikakumbuka ninayo ramani yangu. Ileile ya kuzibia ufa, faili lake niliwahi kulihifadhi zamani. Likafunguka bila shida, na ndugu zake wote wapo. Nikahesabu mikoa. 26. Nikapiga kofi, Tanzania Bara mikoa 26, tumemaliza! Nikapiga picha nikamtumia kijana kwa mbwembwe. Akajibu kwa swali moja: "Mzee, Geita iko wapi?"

Nikaitafuta Geita. Hakuna. Songwe hakuna. Katavi, Simiyu, Njombe, hakuna. Kumbe ni ramani ya enzi zile, Bara ilikuwa na mikoa 21, ongeza mitano ya Zanzibar, jumla 26. Kati ya hiyo mitano isiyoonekana, minne ilizaliwa 2012, Songwe ikafuata 2016. Hesabu imenikubali, ramani imenikataa. Siku hizi jumla ni 31. Kijana akanitumia mpya kwa WhatsApp, imefungwa kwenye zipu kama mtoto wa shule, ndugu wote ndani.

Sasa takwimu. Nikazichapa mwenyewe kwenye jedwali, mkoa kwa mkoa, kwa kidole kimoja. Nikaziweka na mikato yake vizuri, 5,383,728, ili zipendeze. Safu nikaiita Idadi_ya_Watu_2022. Nikahifadhi. Nilipofungua tena jina limekatwa, limebaki Idadi_ya_W. Herufi kumi tu, ndizo inazoruhusu. W ya nini? Wali? Nikasema potelea mbali, bosi hataona huko ndani.

Nikafungua plagini. Inauliza, unataka kuvimbisha kwa safu ipi? Kwenye kisanduku pana safu moja tu. Imeandikwa Reg_Code. Idadi_ya_W haimo. Nikazunguka, nikafunga, nikafungua, haimo. Saa saba usiku. Nikajisemea, kompyuta haina ujinga, imekuletea inayofaa. Nikaichagua. Nikabonyeza. Laptopu ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, mipaka ya pwani ile ina vikunyo vingi, kila kikunyo kinasukumwa. Mama watoto akaamka, akaniona nimeinama, jasho linanitoka, nimeshika kifua kwa sababu fulana ilikuwa inanibana. Akaanza kusali.

Alhamisi, saa nne, ukumbi umejaa. Mgeni katoka Dodoma alfajiri na treni ya umeme, suti haijakunjamana. Bosi ananitambulisha: "Huyu ndiye mtaalamu wetu wa ramani." Mtaalamu nikasimama. Projekta ikawaka.

Kimya.

Unguja na Pemba zimefura kama andazi lililozidi hamira. Pemba imekuwa bara. Unguja imekanyaga pwani ya Bagamoyo na inaelekea ndani. Bara yenyewe imejikunyata, imepewa kipande cha siti. Mgeni akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Dodoma iko wapi?"

Nikasogea ukutani. Nikatafuta. Kati ya Singida na Morogoro kulikuwa na kitu kama unywele. Mimi nikajua ni unywele kweli kwenye kioo cha projekta, nikaupangusa kwa kidole. Haukutoka.

"Ndiyo hii hapa, mheshimiwa."

Jamani, mtu kaamka usiku, kapanda treni, kaja mpaka Dar kuonyeshwa kwamba alikotoka hakupo. Hapo mwenye akili anaomba radhi. Mimi nikatetea. Nikasema, "Mheshimiwa, hali halisi ndiyo hiyo. Watu wengi wamehamia visiwani. Utalii." Nikaongeza na karafuu. Mpemba wetu wa uhasibu, ambaye miaka yote haongei kikaoni, akasema taratibu, "Mie nasema siku zote, hamnisikii." Akaomba nakala ya rangi.

Kijana wa field akanyoosha mkono kule nyuma, karibu na chupa za chai. "Samahani, mzee. Ulitumia safu gani?"

"Ile iliyokuwepo."

Akaja mbele. Akafungua jedwali mbele ya watu wote, Idadi_ya_W ikatokea, watu wakaisoma kwa sauti. Akaeleza kwamba Reg_Code si watu. Ni namba ya mkoa kwenye daftari la takwimu. Dodoma ni namba 1. Arusha 2. Dar 7. Zinakwenda hivyo mpaka Songwe 26, halafu mikoa ya Zanzibar inaanzia 51 hadi 55. Programu haijui hizo ni namba za kuitia. Umeiambia Dodoma ina moja na Kusini Pemba ina hamsini na tano, imegawa ardhi kwa haki kabisa. Ukijumlisha mikoa kumi na minne ya mwanzo, Dodoma mpaka Tabora, unapata 105. Mikoa miwili ya Pemba peke yake ni 109.

Na ile safu ya watu haikuonekana kwa sababu ya mikato yangu mizuri. Nimeweka alama ya mkato katikati ya namba, kompyuta imeona ni maandishi, kama jina la mtu. Maandishi hayavimbishwi. Tuseme mikato isingekuwepo, ningekuwa shujaa. Mikato miwili kwa kila mkoa, mingine mmoja. Nimeizika nchi kwa mikato.

Mgeni akauliza, "Na utalii?"

Nikaenda kuangalia kama chai imefika.

Kijana akafuta mikato, akageuza safu kuwa namba, akakumbushia jambo kuhusu kuihamishia ramani kwenye vipimo vya mita badala ya nyuzi, mimi nikatikisa kichwa kutoka mlangoni. Raundi kumi. Tukanywa chai. Katogramu ya kweli ikatoka, na lazima niseme, hata kwa aibu yangu ile, ilikuwa kitu cha kutazama. Dar, ambayo kwenye ardhi haipati hata robo ya asilimia moja ya nchi, imebeba karibu asilimia 9 ya watu milioni 61.7, basi imefura mpaka Pwani imekuwa utepe wa kuifungia. Mwanza imetanua mabega. Mjini Magharibi imenenepa kuliko shamba lake. Dodoma imerudi, ina mwili wa mtu mzima, mgeni akapumua. Pemba imepungua, lakini bado imejaa kuliko kwenye atlasi. Mpemba akasema hiyo pia atachukua.

Nikadhani yamekwisha. Bosi akasimama. Bosi wetu ni mtu wa Nachingwea, hukohuko Lindi.

"Lindi mmeipeleka wapi?"

Lindi imebaki kama ganda la korosho. Kijana akamweleza kwa upole, ardhi kubwa, watu wachache. Bosi akasema sawa, lakini iongezeni kidogo, si ni kompyuta. Hapo mdomo wangu ukajifungua wenyewe. Nikasema, "Haiwezekani bosi, labda mzaliane."

Sitaki kuongelea dakika tatu zilizofuata.

Baadaye akataka marekebisho, maana bosi asipotaka marekebisho hajaona kazi. Kijana akapendekeza tubadilishe mtindo, kila mkoa uwe duara, alivyofanya Mwingereza mmoja anaitwa Dorling. Akachora haraka. Bosi: "Mimi nimeagiza nchi, si sinia la vitumbua." Tukarudi. Rangi, nilikuwa nimepaka kila mkoa rangi yake, mikoa 31 rangi 31, ilikuwa kama doti za kanga zimeanikwa. Kijana akazifuta zote, akaweka rangi moja inayokolea, eti ukubwa tayari unasema watu, rangi iseme jambo lingine, kwa mfano kasi ya ongezeko. Majina, Dar sasa lina nafasi ya kuandika mpaka salamu, Njombe jina limetoka nje ya mkoa likalala Ruvuma.

Halafu bosi akataka kipimo cha kilomita. Kijana akasema haiwekwi, mzee, hapa kilomita haina maana tena, tuweke mraba mdogo tuandike huu ni watu milioni moja. Mimi nikaona nafasi ya kurudisha heshima. Nikasema ramani bila kipimo ni picha. Nikakiweka mwenyewe, kwa mkono wangu. Mama wa masijala, ambaye kimya chake kinatisha, akachukua rula. Akapima. "Kwa hiyo kutoka ncha hii ya Dar mpaka hii ni kilomita zaidi ya mia mbili?"

Ukumbi ukaniangalia.

"Kwa foleni ya Mbezi," akasema, "ni kweli kabisa."

Walicheka mpaka mgeni akavua miwani. Kipimo kikaondolewa. Kijana alipewa mkono na mgeni, akaombwa namba ya simu. Mimi nilipewa chupa za maji nikusanye.

Nikafika nyumbani jioni nimechoka. Nje kuna viatu kama msikitini. Sebuleni baba mkwe, kasafiri kutoka Tanga. Mama mkwe na kifurushi cha mlonge. Kikoba kizima cha mama watoto wamekaa kwenye mkeka. Nikasalimia, nikapewa kiti kama maiti anayetembea. Baba mkwe akakohoa.

"Haya mwanangu. Katogramu imefanyika?"

Nikashangaa, kumbe habari za ofisi zinafika Tanga. "Imefanyika, baba. Mara ya kwanza walikosea, ikabidi warudie."

"Hasbunallah. Majibu?"

"Imevimba sana upande wa mashariki."

Mama mkwe akashika kichwa.

"Na kusini pamesinyaa, baba. Pamebaki kama ganda la korosho. Bosi mwenyewe kalalamika, lakini wataalamu wanasema hakuna cha kufanya."

Kilio kilichopigwa hapo kilimleta Mangi na ufunguo wa duka mkononi. Ilichukua nusu saa, na laptopu, na mimi kuvua shati, kuwaelewesha. Baba mkwe alipoelewa hakucheka. Aliomba nauli yake ya kurudi. Kikoba wakaomba mchango wao. Mlonge ukaachwa, nikaambiwa ninywe tu, hauna ubaya.

Mtaani habari ya kuugua ilifika siku moja, habari ya kupona mpaka leo iko njiani. Ndiyo maana naandika.

Ila leo asubuhi bosi kachungulia tena mlangoni. Mgeni kaipenda ile kazi, sasa wanataka nyingine, inaitwa koropleti, wiki ijayo. Nimesema hakuna shida. Mama watoto bado sijamwambia.